Mkiwa Wageni Mwanza: Mwongozo Kamili wa Kumwanzisha Mtoto Shule

Asubuhi ya kwanza mwalimu wa zamu aliinama mbele ya binti yangu pale getini, akamuuliza, "Hujambo mtoto mzuri?" Binti yangu, miaka 5, begi limemzidi mgongo, akajibu kwa furaha kabisa: "Poa!" Watoto waliokuwa nyuma yetu wakashika midomo. Mmoja akasema, kama anayetoa habari ya msiba, "Hajamwamkia mwalimu." Mwalimu alitabasamu tu akampokea, lakini mimi nilijua kosa ni langu. Nilikuwa nimehangaika miezi mitatu na pasipoti, picha, sare na risiti. Shikamoo sikuwa nimemfundisha.

Sisi tunaotoka Kisumu, Homa Bay au Migori tukihamia Mwanza hatujihesabu wageni sana. Ziwa ni lile lile, samaki ni wale wale, Kiswahili tunakijua. Familia inayokwenda Ujerumani hujiandaa mwaka mzima, mtoto anafundishwa hata namna ya kuomba maji. Sisi tunavuka mpaka wa Sirari, tunapita Tarime, Bunda na Magu, tunashuka Mwanza tukidhani mtoto ataingia darasani kama aliyehama mtaa. Kumbe ugeni wake umo katika vitu vidogo ambavyo sisi watu wazima hatuvioni, na mtoto wa miaka 5 anaishi ndani ya hivyo vitu vidogo.

Nimewaandikia wazazi hao. Wakenya kwanza, maana huko ndiko nitokako, lakini anayetoka Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo naye atapata mengi humu. Nimekaa Mwanza miaka 7, watoto wangu wawili wameanzia shule hapa, na nimewasindikiza wazazi wenzangu kadhaa kwenye ofisi na mageti ya shule.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya umri na kalenda mapema

Tanzania ina mwaka mmoja wa awali, kisha darasa la kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka umri wa kuanza darasa la kwanza kuwa miaka 6. Majirani wenye watoto wakubwa watakuambia 7. Huo ulikuwa utaratibu wa zamani. Kwa Mkenya hesabu inakaa vizuri: mtoto ambaye kwao angekuwa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, huku anaingia awali, na wa Gredi ya 1 anaingia darasa la kwanza. Mwaka wa masomo unaanza Januari pande zote mbili, kwa hiyo huhitaji kumrudisha wala kumrusha darasa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mtaala ulibadilika. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali na darasa la kwanza, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6 badala ya 7. Ukinunua vitabu vya mtumba kwa aliyesoma kabla ya hapo, angalia mwaka uliochapwa ukurasa wa mwanzo kabla hujatoa hela.

Uandikishaji wa shule za serikali kwa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba na kwenda hadi Desemba. Shule binafsi hutoa fomu mapema zaidi, na nyingine hufanya usaili kwa watoto wadogo kabisa, kwa hiyo mwezi Agosti uwe umeshaanza kuzunguka. Anayefika Mwanza Januari tarehe 5 na kutafuta shule tarehe 6 atapata nafasi, ila atapata iliyobaki.

Na likizo hazifanani. Kenya ina mihula mitatu na likizo ya Agosti; Tanzania ina miwili, likizo kubwa ni Juni na Desemba, katikati kuna mapumziko mafupi. Maana yake ni kwamba Agosti binamu zake wote wamejaa kwa nyanya yao Kisumu, na mtoto wako yuko darasani Mwanza. Mwambie nyanya mapema. Mwaka wetu wa kwanza sikumwambia, akanunua magodoro.

Hatua ya 2: Tengeneza faili moja

Nunua faili la plastiki lenye kifungo, ulitenge kwa mambo ya mtoto tu. Ndani yake ziingie hizi:

Cheti cha kuzaliwa, halisi na nakala 4. Karatasi ya hospitali inayothibitisha kuzaliwa si cheti, na wazazi wengi hukwama hapo. Kama mtoto alizaliwa Kenya na bado hana cheti, kishughulikie kabla ya kuhama. Kukifuatilia ukiwa Mwanza ni safari na simu zisizoisha. Kama amezaliwa Mwanza, cheti kinatoka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Uraia wake haupotei kwa kuzaliwa huku: kwa Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 14, mtoto ni raia wa kuzaliwa mradi baba au mama ni raia, azaliwe popote. Ila lazima umwandikishe, na ubalozi uko Dar es Salaam, si Mwanza, kwa hiyo panga safari hiyo wakati mmoja na shughuli nyingine.

Pasipoti ya mtoto na kibali cha makazi cha mzazi. Kuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kunarahisisha kuingia, lakini hakukuondolei kibali. Mwenye ajira huwa na kibali cha daraja B, mwekezaji au aliyejiajiri daraja A. Mtoto anatakiwa aonekane kwenye karatasi zako kama mtegemezi. Usimwache "akae tu" kwa sababu ni mdogo. Nenda mwenyewe ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, uliza, lipa panapotakiwa kulipwa, chukua risiti. Anayekuambia ana njia ya mkato mkwepe.

Kadi ya kliniki. Kile kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya kinakubalika. Chanjo ni chanjo. Kabla ya kuanza shule kipeleke kituo cha afya cha karibu, muuguzi akikague na kama kuna chanjo iliyorukwa aimalizie. Cheti cha homa ya manjano nacho kikae humo, maana kitaulizwa kila mnapovuka mpaka.

Barua ya serikali ya mtaa. Hii ndiyo Wakenya wengi hawaijui. Tanzania kila mtaa una mwenyekiti, kuna mabalozi wa nyumba (viongozi wa kundi dogo la nyumba), na kuna ofisi ya mtendaji. Mkishahamia, jitambulisheni. Nenda na pasipoti, kibali na mkataba wa nyumba, waamkie, sema mnatoka wapi na mmekuja kufanya nini. Shule ikitaka uthibitisho wa makazi, barua itatoka hapo. Jua pia uko halmashauri ipi, kwa sababu mji huu una mbili: Igoma, Mkolani, Butimba na Nyegezi ziko Jiji la Mwanza, Kirumba, Pasiansi, Kitangiri na Buzuruga ziko Manispaa ya Ilemela. Nilipoteza siku mbili nzima kwenye foleni ya ofisi isiyo yangu.

Sasa jina. Hili naliweka peke yake kwa sababu limetutesa. Fomu za Tanzania zinasoma majina kwa mpangilio wa mtoto, baba, babu. Sisi Wajaluo jina la pili mara nyingi ni la mtoto mwenyewe: Akinyi kwa sababu amezaliwa asubuhi, Otieno kwa sababu amezaliwa usiku. Mwalimu akiona jina la pili ataliandika kwenye safu ya baba, na muhula ukiisha ripoti inamtaja baba anayeitwa Akinyi. Jaza fomu mwenyewe, andika majina kama yalivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, kisha mweleze mwalimu kwa upole lipi ni la nani. Na jina linaloingia kwenye rejista ya darasa lilingane na la pasipoti. Kurekebisha jina darasa la nne ni kazi ya miezi. Kulisema vizuri siku ya kwanza ni dakika tano.

Hatua ya 3: Amua mtakaa muda gani, ndipo mchague shule

Wazazi huanza na ada. Mimi naomba uanze na swali la muda, kwa sababu ndilo litakaloamua lugha ya kufundishiwa.

Shule za serikali karibu zote hufundisha kwa Kiswahili, na hazitozi ada. Mzazi anagharamia sare, madaftari, na michango ya uji au chakula ambayo wazazi wanakubaliana kikaoni. Madarasa ya mjini yana watoto wengi, hilo lisikushtue. Shule za mchepuo wa Kiingereza, yaani zinazofundisha kwa Kiingereza, nyingi ni za binafsi, ada zake zinatofautiana sana, na ubora wake pia. Kisha kuna shule za kimataifa chache, kama ile ya Isamilo inayofuata mtaala wa Uingereza, kwa wenye uwezo au ambao mwajiri anawalipia.

Kama mna mkataba wa mwaka mmoja au miwili na mtarudi Kenya, ambako mtoto atakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza, mchepuo wa Kiingereza utampunguzia mshtuko wa kurudi. Kama mmekuja kukaa, miaka mitano na kuendelea, nakushauri bila kigugumizi: fikiria kwa uzito awali ya Kiswahili. Mtoto wa miaka 5 anayejifunza kusoma kwa lugha anayoisikia sokoni, kanisani au msikitini, kwenye daladala na kwa jirani, anasoma haraka na kwa raha. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Binti yangu alianza awali Januari. Ilipofika Septemba alikuwa anasoma mabango ya dukani njia nzima kutoka Buzuruga hadi mjini, kwa sauti, abiria wakimsikiliza. Kiingereza tulimpa nyumbani jioni, kwa hadithi.

Ukishapata shule mbili tatu, zitembelee siku ya masomo, saa za kazi, bila kutangaza ujio wako sana. Angalia choo cha wadogo kwanza: kina maji? mlango unafungika? mtoto wa miaka 5 anakifikia? Halafu simama dirishani pa darasa la awali usikilize kama watoto wanaongea au wamenyamaza tu. Uliza walimu wangapi wako na watoto wangapi. Uliza mtoto akiumwa homa saa nne asubuhi wanafanya nini na wanampigia nani. Huku kando ya ziwa malaria haina likizo, na jibu la "tunamlaza ofisini hadi gari la jioni" silikubali.

Usitafute bweni. Wazazi wanaofanya kazi za kusafiri, hasa wa biashara ya samaki na wa migodini kule Geita, huwa wanaulizia bweni hata kwa mtoto wa awali. Serikali ilizuia bweni kwa awali hadi darasa la nne kwa waraka wa mwaka 2023, ulioanza kutumika Machi mwaka huo. Akitokea mtu anayekupa nafasi ya bweni kwa mtoto wa umri huo, anakuomba uvunje utaratibu kwa mgongo wa mtoto wako.

Na viboko. Lazima tuliongee. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Tanzania bado vinaruhusiwa kwa masharti: kanuni za mwaka 2002 zinampa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na haviruhusiwi kuzidi 4, na adhabu iandikwe. Kila mzazi ana msimamo wake. Mimi sitaki mtoto wangu achapwe, nukta. Kwa hiyo nilikwenda kwa mwalimu mkuu kabla ya kulipa chochote, nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia: "Mwalimu, mtoto huyu ametoka mahali ambako hawachapwi. Akikosea naomba uniite mimi, nitakuja siku hiyo hiyo." Shule moja walicheka. Ya pili, mwalimu aliandika namba yangu kwenye daftari lake, akaniuliza mtoto anaogopa nini kingine. Unajua tulichagua ipi.

Hatua ya 4: Mfundishe Kiswahili cha shule, hata kama anajua Kiswahili

Hapa ndipo ningetaka ukae muda mrefu kuliko kwingine kote. Anza miezi miwili kabla, dakika 15 kwa siku, kwa mchezo.

Salamu ndiyo ya kwanza. Kila mtu mzima anaamkiwa shikamoo: mwalimu, mpishi wa uji, mlinzi, konda wa gari la shule, mama wa nyumba ya pili. Akijibiwa "marahaba" ndipo habari nyingine zinafuata. Akiulizwa "hujambo" anajibu "sijambo", si "poa" wala "fiti". Tulicheza mchezo wa getini: baba anakuwa mlinzi, mimi mwalimu, mdogo wake anakuwa mpishi, yeye anapita akituamkia mmoja mmoja na begi lake mgongoni. Ukimwongezea "mwangaluka" ya Kisukuma kwa wazee wa asubuhi, mtaa mzima utamjua kwa jina kabla ya wiki kuisha.

Pili ni "naomba". Kenya mtoto anasema "nipe maji" na hakuna anayekasirika. Mwanza neno hilo hilo linasikika kama amri. Mfundishe "naomba maji", "naomba penseli", na muhimu kuliko zote, "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni." Hiyo ya mwisho aijue usingizini. Mtoto wa rafiki yangu, kijana msafi aliyeacha nepi akiwa na miaka miwili, alijikojolea wiki nzima ya kwanza kwa sababu alikuwa akimwambia mwalimu kwa Kiingereza cha nasari yao, kwa sauti ndogo, na mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hakumsikia wala kumwelewa. Mama yake alidhani ni ugonjwa, akampeleka hospitali.

Tatu ni majina ya vitu. Kalamu na penseli ni zile zile, lakini cha kuchongea ni kichongeo, na cha kufutia ni kifutio au ufutio. Ukisema raba, mwenzake anaweza kutazama viatu vyako. Anachoandikia ni daftari. Sisi tumezoea kusema buku, na huku buku ni shilingi elfu moja! Binti yangu alimwambia mwenzake "nimepoteza buku yangu", darasa zima likainama chini kutafuta noti. Pipi ni pipi, peremende hawaijui sana. Karanga ni karanga. Njugu watafikiri njugumawe. Githeri ni makande. Ndala ni zile za bafuni.

Halafu samaki, maana mtoto wa ziwa atazungumza samaki tu. Omena wetu huku ni dagaa. Mbuta ni sangara. Ngege ni sato. Mwalimu alipowauliza watoto nyumbani wanakula nini, wangu akasema omena na ugali, wenzake wakadhani ni chakula cha Wazungu. Alirudi analia kwamba wanasema anakula vitu vya ajabu. Jioni ile nilinunua dagaa kwa muuzaji wa jirani, tukazimwaga mezani, nikamwambia: hizi zina majina mawili kama wewe ulivyo na majina mawili. Kesho yake alikwenda kuwafundisha.

Nne, ngeli. Kenya "kiatu yangu" na "vitabu zangu" zinapita. Hapa watoto wa miaka 5 wanasahihisha: "Kiatu changu!" Usimfundishe sarufi, utamchosha. Msomee tu kwa sauti kila usiku, na wewe mwenyewe jirekebishe. Masikio yake yatafanya kazi hiyo kwa miezi mitatu.

Tano, herufi na hesabu. Mtoto aliyeanza nasari ya Kiingereza anaita herufi ya kwanza "ei". Awali ya hapa inaanza na irabu a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Mtoto anayejua herufi zote kwa Kiingereza anaweza kuonekana hajui kitu. Muda mfupi wa kuimba silabi jikoni unatosha kulimaliza hilo. Hesabu vilevile: ajue moja hadi ishirini kwa Kiswahili, na maneno jumlisha, toa, kubwa, ndogo, kushoto, kulia. Kama ulimhesabia Kiingereza tangu mdogo, panda naye ngazi za mawe za mtaani, kila ngazi namba. Mwanza kwa ngazi za mawe hatuna uhaba.

Hatua ya 5: Sare na vifaa

Usishone sare kabla ya kuambiwa na shule. Hata bluu zina tofauti. Fundi cherehani apewe wiki mbili, maana Januari wamezidiwa. Mwambie aache upindo mpana chini. Sweta linahitajika, watu hawaamini, lakini asubuhi za Juni na Julai upepo wa ziwa ni wa baridi. Viatu vyeusi vya ngozi vya mtumba vizuri utavipata Mlango Mmoja ukiwahi. Begi na chupa ya maji, Makoroboi. Shule ya serikali inaweza kumtaka aje na ufagio na kidumu cha maji. Ni kawaida, hajaonewa, wote wanaleta. Za binafsi zina orodha yao, rimu ya karatasi na kadhalika. Andika jina kwenye kila kitu, hata soksi.

Hatua ya 6: Njia

Itembeeni njia mara tatu kabla, saa ile ile ya asubuhi. Kama ni gari la shule, mjue dereva na matroni kwa majina na namba zao. Kama ni bodaboda, awe mmoja tu mnayemfahamu, asibebe watoto watatu. Kama ni kwa miguu, angalia mvua itakavyokuwa: vuli inaanza Oktoba, masika Machi hadi Mei, na mitaa ya chini karibu na mto Mirongo na mifereji yake hujaa maji kwa muda mfupi kabisa. Kubaliana na shule kwamba mvua kubwa ikinyesha saa ya kutoka, mtoto asitoke hadi afuatwe.

Ziwani asiende na wenzake wakitoka shule. Mawe ya ufukweni yanavutia, na maji ya kingoni yana kichocho mbali na hatari ya kuzama. Mwambie kwa maneno hayo hayo, wasichoelezwa wanakitafuta. Shule hugawa dawa za kichocho na minyoo kwa vipindi, na siku hiyo hakikisha amekula kabla ya kutoka nyumbani, maana tumboni mtupu dawa ile inamchafua.

Hatua ya 7: Wiki sita za kwanza

Wiki ya kwanza, mmoja wenu awe na ruhusa kazini. Mpeleke, muage kwa maneno mafupi, mwambie nani atamchukua na wakati gani kwa kipimo anachokijua: "baada ya uji na michezo". Kisha ondoka. Kuchungulia dirishani kunamrefushia kilio.

Asubuhi kuna mstari na katika shule nyingi kuna mchakamchaka, watoto wakikimbia na kuimba. Wangu aliupenda kuliko masomo. Kwenye mstari kuna wimbo wa taifa, na hapo atakuja na swali. Wangu aliuliza usiku, taa imezimwa: "Mama, nikiimba wa kwao, wa kwetu utakasirika?" Nilimwambia wimbo haukasiriki, na kwamba mgeni anayesimama wima mwenyeji anapoimba anampa heshima, na akiimba pamoja naye anampa zaidi. Tukaimba zote mbili palepale, kitandani. Jiandae na jibu lako.

Jiandae pia na kimya. Watoto wengi wanaobadilishiwa lugha, hata kwa tofauti ndogo kama hii, hunyamaza wiki kadhaa darasani huku nyumbani wanaongea kama kawaida. Wanasikiliza, wanakusanya. Mwambie mwalimu asimlazimishe kusimama kujibu mbele ya wote mwezi wa kwanza, ampe kazi ya mikono: kugawa madaftari, kufuta ubao. Kama baada ya miezi miwili bado hasemi hata na mtoto mmoja uwanjani, au ameanza kukojoa kitandani, kukataa chakula, kuumwa tumbo kila Jumapili jioni, usingoje kikao cha wazazi. Nenda.

Mtafutie rafiki mmoja. Rafiki mmoja wa darasani anayekuja nyumbani Jumamosi kula chapati atamfundisha zaidi ya mwalimu yeyote. Jiunge na kundi la WhatsApp la wazazi, hudhuria kikao cha kwanza hata kama una zamu, na wakikuita Mama au Baba fulani kwa jina la mtoto, ujue umeshapokelewa.

Hatua ya 8: Acha mlango wa kurudi wazi

Nyumbani endeleeni na lugha yenu. Kijaluo, Kigusii, Kiganda, Kirundi, chochote. Kiswahili cha shule hakihitaji kuletwa mezani ili kikue. Kina mji mzima wa kukikuza. Likizo ya Desemba ya mwaka wa pili binti yangu alimpigia bibi yake shikamoo ya magoti yote mawili, bibi akacheka hadi akakaa chini, kisha wakaendelea kwa Kijaluo hadi usiku. Hilo lisingewezekana kama tungekuwa tumeiacha lugha mpakani.

Karatasi za kurudi zianze siku ya kuja. Weka kila ripoti ya muhula, kila risiti, na daftari moja la kila mwaka kama ushahidi wa kiwango chake. Mtoto akisajiliwa kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, omba namba yake uiandike kwenye faili. Ndiyo inayotumika hata akihama shule ndani ya Tanzania. Mkijua mnarudi Kenya, tafuta shule ya huko miezi minne kabla, waambie amesoma kwa lugha gani, na mwezi huo huo anza kumsomea hesabu kwa Kiingereza.

Barua ya uhamisho iombe mapema Novemba, iwe na muhuri wa shule na sahihi ya mwalimu mkuu, na isome ukiwa umesimama pale pale ofisini, jina la mtoto kwanza. Shule zikifungwa Desemba walimu husafiri, na muhuri hufungiwa kabatini hadi Januari.